Mwana wa Ng'ambo

Mtopanda,
12 Machi 1957

Wifi Mbeyu,

Kazi ya Swaleh itasomwa mbele ya Bwana DC! Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu, maana nikianza na salamu utaikunja barua uiweke chini ya mkeka. Nakujua.

Sasa salamu. Hujambo? Wanao wazima? Miguu yako imeacha kuvimba? Sisi huku kisiwani wazima, Alhamdulillahi, ila mbu. Na mbu hawajui kutofautisha mama wa mwalimu na mama wa mtu mwingine, wanauma tu.

Basi nikueleze. Ofisi ya elimu iliwataka walimu wote wa huku mtoni kila mmoja aandike jiografia na historia ya mahali anapofundisha. Walimu kumi na mmoja wakaandika. Wengine ukurasa mmoja, mwingine kaandika habari za ng'ombe mwanzo mpaka mwisho. Mwanangu kaandika kurasa kumi na tisa, na ramani ya wino wa rangi mbili. Wakubwa wakasema, hii. Shule yetu mpya ya mawe itakapofunguliwa baada ya mvua, mpwao atasimama aisome mwenyewe, kila mtu akisikiliza, na kanzu nitampigia pasi mimi. Mtoto niliyemsomesha mimi, mwenye darasa la tatu la Kipini! Isingekuwa lile darasa la tatu langu, angekuwa anasukuma pantoni leo.

Nakunakilia kipande, kisha useme kama uliwahi kusikia maneno kama haya:

"Mtopanda ni kisiwa kidogo katika Mto Tana, mahali mto unapogawanyika panda na kuwa mikono miwili. Mkono wa magharibi unautazama upande wa Garsen, na wa mashariki upande wa Witu. Mtu akitoka kichwani mwa kisiwa, maji yanapogawanyika, atafika mkiani, maji yanapokutana tena, kabla chai yake haijapoa. Lakini asiudharau mji huu kwa udogo wake. Juu yake na chini yake kingo ni tope tupu. Hapa tu ndipo ardhi ni ngumu pande zote mbili. Lori litokalo Malindi kwenda Lamu lazima livuke hapa. Ng'ombe watokao Bangale lazima waogelee hapa. Mtumbwi upandao kutoka Ozi lazima ufungwe hapa. Wakati wa vita vya Mtaliana, askari mia nne walilala hapa wiki mbili wakingoja mto ushuke. Aliye na Mtopanda ameushika mto kooni."

Ameushika mto kooni! Niliposomewa hapo nilisimama.

Halafu inafuata historia. Ameandika kwamba mwanzilishi ni baba yenu, Mzee Dhadho, na kwamba alipokuwa anakufa alisema, "Kisiwa hiki nimemwachia mwana wa ng'ambo," yaani mwanawe Mahadi, mume wangu, aliyezaliwa ng'ambo ya Garsen kabla wazee hawajahamia kisiwani. Ameandika pia jinsi Mahadi alivyovusha watu tangu utoto wake, akapigana na mamba hata akabaki na lile kovu mguuni. Mimi nikamwambia aongeze kwamba Mahadi alinivusha kwa mkono wake mwenyewe siku ya harusi yetu. Nilikuwa nimefunikwa gubigubi, sikuona mto wala watu, niliona tu mikono yake yenye hina ikipanda na kushuka kwenye upondo, ikisukuma mtumbwi. Swaleh amesema hiyo si historia. Nimemwambia ataoa ajue.

Sasa lililobaki ni dogo. Siku ya ufunguzi tunataka kuuweka mbele ya wageni ule upondo wa mzee, ule uliouchukua kwa makosa siku ya hitma ya marehemu Mahadi. Mpe Mwaringa, dereva wa lori la mchele, anapofika Kipini. Si mzigo mzito.

Mimi wifi yako,
Mwanaarusi, mama wa Mwalimu Swaleh


Ozi,
27 Machi 1957

Mama Swaleh,

Salamu zimefika. Mimi mzima. Miguu ni yangu, niachie mwenyewe.

Siku hizi hapa Ozi tuna kisomo cha watu wazima, kwa hiyo barua hii naandika kwa mkono wangu, hakuna aliyenitungia maneno.

Upondo sikuuchukua kwa makosa. Niliuchukua kwa mikono. Mliuegemeza nyuma ya mlango, mnaanikia nepi. Hautarudi kuwa pambo.

Kipande cha mwanao nimekisoma mara mbili. Maji ameyaeleza vizuri. Watu amewakosea. Ng'ambo ya Garsen? Nani kamwambia ng'ambo ni Garsen? Wewe. Na wewe nani alikwambia? Ulikuja Mtopanda na sanduku la bati na viatu vya kamba, ukabebwa mgongoni kutoka mtumbwini usilowe. Baba alikufa miezi minne baadaye, na katika hiyo miezi minne alikuwa anakuita "yule mgeni". Usimfundishe mtoto maneno ya mzee uliyemjua miezi minne.

Kovu la mamba! Haya.

Mwanao akisoma hivyo, nitakuja. Nitangoja afike kwenye jina la ndugu yangu, kisha nitasimama niseme, "Uongo!" Bwana DC atanisikia, na watu wa Garsen watanisikia huko waliko. Sauti yangu unaijua.

Dada wa marehemu mumeo,
Mbeyu binti Dhadho


Mtopanda,
15 Aprili 1957

Mbeyu,

Barua yako nimeilalia wiki nzima kwa sababu nimefunga, na sikutaka saumu yangu iharibike kwa ajili ya mtu ambaye mwandiko wake ni kama kuku aliyekanyaga wino. Hata hivyo hujambo? Mwezi mtukufu unakwendaje? Sisi tunafuturu kwa wali wa mpunga wetu wenyewe na samaki, hatujambo sana.

Sasa nikujibu. Nimekuelewa, mwanamke. Wewe ulizaliwa upande wa Witu, ndugu yako upande wa Garsen. Kila mtu huku anajua mama yenu alijifungulia wapi na wapi. Kwa hiyo unataka kusema ng'ambo ni Witu, na mwana wa ng'ambo ni wewe! Mtoto wa kike, uliyeolewa Ozi, ambaye hata hukuwepo mzee alipokata roho! Kipini nilikozaliwa mimi Kiswahili kinazungumzwa tangu tumboni, na ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Baba yenu alikuwa akitazama upande wa Garsen siku zote, kiti chake kilikaa huko. Anayetazama Garsen akisema ng'ambo amesema Garsen. Liko wapi fumbo hapo?

Unaniita mgeni. Mgeni huyu kamzika baba yako, kamzika ndugu yako, kazaa watoto watano katika kisiwa hiki na mmoja ni mwalimu. Wewe mwenyeji umefanya nini ila kuiba mti wa mkoko wakati watu wamefumba macho kwenye dua? Niliuona mgongo wako ukitoka mlangoni. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Nepi tulianika, ndiyo. Nepi za wajukuu wa mzee. Ulitaka tuzianike wapi, kichwani kwako?

Na hilo kovu ulilolicheka, nimelipaka mafuta kwa mkono huu miaka ishirini na mitatu. Alama za meno zinahesabika.

Swaleh anasema nikuandikie kwa upole kwa kuwa wewe ni shangazi yake wa pekee. Nimemwambia upole ni wako mwanangu, kalamu ni yangu.

Njoo upige kelele. Utaonekana mwehu mbele ya serikali.

Mwanaarusi, mama wa Mwalimu


Ozi,
29 Aprili 1957

Mama Mwalimu,

Hujambo. Sikukuu hiyo inakuja, nawatakia heri, hata wewe.

Sikuandika popote kwamba nilizaliwa Witu. Umeyasema wewe, ukayajibu wewe, ukashinda wewe. Hongera.

Baba hakufa kitini. Alikufa kitandani, kisiwani, katikati ya maji. Mtu aliye kisiwani ana ng'ambo mbili, moja kila mkono. Sasa kiti kimetazama wapi, hiyo ni habari ya kiti.

Neno ulilolichukua Kipini ni la Kipini. Kwetu neno hilo lilikuwa na kazi. Muulize mwanao hivi: kabla serikali haijaleta pantoni na kutundika kengele kila upande, mtu akitaka kuvuka alifanyaje, na nani alitoka? Ameandika kurasa kumi na tisa na hilo hakuuliza.

Akilijua, upondo nitauleta mwenyewe. Asipolijua nitaleta sauti.

Binti Dhadho


Mtopanda,
30 Mei 1957

Mbeyu,

Hujambo? Jibu kwanza hilo, mengine baadaye.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nimekasirika, halafu kwa sababu mto ulijaa, na sasa hasira na maji vimeshuka vyote nusu. Mkia wa kisiwa umezama, kichwa kimebaki. Kamba ya pantoni ya upande wa Witu ilikatika usiku mmoja, na Mwaringa na lori lake wako Garsen siku ya kumi na saba leo, ananunua chai kwa mkopo wa uso wake tu. Shule mpya imesimama, maana wameijenga juu, pale Swaleh alipoonyesha kwenye ramani. Hilo nalo utalisemaje?

Lakini sikuandika kwa hilo. Mtu aliyepita na mtumbwi anasema Ozi maji yamefika madirishani, na kwamba kuna nyumba zilizoondoka. Hakujua za nani. Nilimuuliza kwa Mbeyu binti Dhadho, akasema hajui Mbeyu. Mtu gani asiyekujua na sauti ile!

Nimempa gunia la mahindi. Si lako, ni la wajukuu zako. Wewe ukila ni juu yako.

Usidhani nina wasiwasi. Nauliza tu, kwa sababu kama umekufa, mbele ya DC nitatukanwa na nani? Jibu upesi.

Wifi yako,
Mwanaarusi


Ozi,
11 Juni 1957

Mwanaarusi,

Nipo. Nyumba imeondoka, kuku wameondoka, mpunga umeondoka. Upondo upo.

Maji yaliingia alfajiri. Mtumbwi wa jirani ulikuwa umefungwa, mwenyewe analia juu ya paa. Nilishika upondo nikavusha watu mpaka kwenye tuta la msikiti, watu thelathini na mmoja, mbuzi wanane, na cherehani ya fundi ambaye hakukubali kupanda bila hiyo. Siku mbili. Wanaume walikuwa wananitazama, mmoja akasema, huyu bibi kajifunza wapi? Mikono haisahau.

Miguu imepona, sijui kwa nini. Labda ilitaka maji.

Mahindi yako yalikuwa na fukusi. Tumeyala.

Swali langu la mwezi wa nne halijajibiwa.

Mbeyu, wifi yako ukipenda


Ozi,
16 Julai 1957

Mwanaarusi,

Hujambo? Mwezi mzima sina barua yako. Mtu aliyekuwa akiniandikia matusi kila mara akinyamaza, ama ni mgonjwa ama amejua jambo.

Kama ni mgonjwa, pole. Kama umejua, sema.

Mbeyu


Mtopanda,
4 Agosti 1957

Wifi Mbeyu,

Si mgonjwa.

Hujambo, na watoto, na nyumba mpya imefikia wapi? Nasikia mmeezeka upande mmoja. Sisi wazima. Swaleh mzima. Mimi mzima mwili, mengine utayasoma. Leo nimetuma kila mtu shambani ili niandike bila kuchunguliwa.

Lile neno lako, "mikono haisahau", lilinikaa. Nikajiuliza, haisahau nini? Mwanamke wa kuolewa, mwanamke wa jikoni, mikono yake ina nini cha kukumbuka juu ya upondo? Nikamwambia Swaleh, na mimi ndiye niliyemwambia, uandike hilo mahali. Akachukua daftari, akawauliza watu wa pantoni. Hakuna aliyejua, wote wamekuja baada ya kengele. Akaniambia, "Mama, nitafute mtu aliyekuwa akivuka, si aliyekuwa akivusha." Ndio maana naitwa mama wa mwalimu.

Unamkumbuka Darmi, Muorma wa maziwa? Amezeeka, masikio yamekufa nusu, ulimi ndio umeongezeka. Bado anavuka na vibuyu vyake kila asubuhi kutoka upande wa Garsen. Tukamkaribisha barazani kwangu, nikampa chai, nikakaa tayari kusikia sifa za marehemu mume wangu.

Swaleh akamuuliza, "Mama Darmi, kabla ya kengele mlikuwa mnavukaje?"

"Tunaita," akasema. "Unasimama ukingoni, unaita, Ng'ambooo!"

Wifi, aliita kweli, pale pale barazani kwangu, na mtu mmoja sokoni akaitika.

"Mnaita ng'ambo, maana yake kisiwani?"

"Maana yake njoo! Wewe mwalimu gani? Tukiita huku Garsen, ni ng'ambo. Wakiita kule Witu, ni ng'ambo. Mzee Dhadho akisikia anapiga kelele nyumbani, 'Ng'ambo hiyo! Mwana wa ng'ambo yuko wapi?' Na mwana wa ng'ambo anachukua upondo anakuja."

Swaleh akaacha kuandika. Akasema polepole, "Kwa hiyo mwana wa ng'ambo ni jina la kazi."

"Ni anayekuja ukiita. Nini tena?"

Hapo mimi nikaona niingie. Nikasema, "Na aliyekuwa akija ni marehemu Mahadi."

Darmi akaweka kikombe chini. "Nani? Mahadi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mahadi yule wa kuruka akiona gogo linaelea? Mwanamke, mumeo, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzuri, lakini mtoni hapana. Siku moja wamempa upondo. Gogo limepita. Ameruka, mguu umeingia kwenye ubao wa mtumbwi uliovunjika, misumari nje, tukamtoa analia mamba, mamba! Mimi na maziwa yangu tulikuwa ndani. Maziwa yote mtoni. Tangu siku hiyo hajarudi tena."

Wifi, alama za meno zinahesabika, nilikuandikia. Ni misumari. Nimezipaka mafuta miaka ishirini na mitatu, misumari ya mtumbwi.

Swaleh akauliza, "Basi alikuwa anakuja nani?"

"Msichana! Yule mwembamba mwenye sauti. Mbeyu. Jua, mvua, mamba. Miaka minane tangu kifua chake kiko kama ubao. Halafu amekua, wamemweka ndani, wamemwoza Ozi, na mzee amekaa kitini analia kama ndama. Kila nikivuka anauliza, 'Darmi, huko chini hukusikia habari za mwana wangu wa ng'ambo?' Kila siku. Mimi nachoka."

Sasa lililonimaliza. Nilimwambia Darmi, kwa sababu nilitaka kitu kimoja kibaki changu, nikamwambia, "Lakini siku ya harusi yangu Mahadi alinivusha mwenyewe. Niliiona mikono."

Akaniuliza, "Mikono ina nini?"

Nikasema, "Ina hina."

Akanitazama, wifi, kama unavyomtazama mtoto aliyejikojolea. "Bwana harusi alikuwa kisiwani amevaa joho, anangoja. Wewe umevushwa na dada yake. Alipanda kutoka Ozi kwa harusi, amejipaka hina kama ndugu wa kike wote. Wavushaji wa siku hiyo walikuwa wanabishana kwenye ngoma, wewe unalia ndani ya nguo, naye amesema nipeni. Amekuvusha, amekubeba mgongoni, amekuweka mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama pale."

Miaka ishirini na sita nimewasimulia watu mikono ile. Nimewasimulia mabinti zangu walipoolewa. Na wewe uliniandikia mwezi wa tatu kwamba nilibebwa mgongoni usilowe mguu wangu, na hukusema mgongo ulikuwa wa nani. Moyo wako ni jiwe la kinu! Kwa nini hukusema? Ungesema siku moja tu, hata kwa kunitukana, ningejua.

Haya, nikuambie na ubaya wangu, maana Swaleh atakuambia. Darmi alipoondoka nilimwambia mwanangu afunge daftari. Nikamwambia mzee wa masikio mabovu si shahidi. Usiku ule nikautoa ukurasa wa kumi na mbili, ule wa Mahadi, nikauficha ndani ya pipa la mchele, ili asiweze kuubadilisha. Nilijiambia, baba yake amekufa, acha abaki na mamba wake. Nilikaa hivyo wiki tatu. Ndizo barua ulizokosa.

Swaleh hakuniuliza ukurasa uko wapi. Hakugomba. Alichukua ramani, ile ya rangi mbili iliyomchukua siku sita, na pale gati la pantoni lilipo akaandika kwa wino mwekundu, Bandari ya Mbeyu. Kisha akaenda kulala. Niliiona asubuhi nikifagia. Ungeniona nimeshika ufagio nasoma. Wino haufutiki, na ramani nyingine haichoriki kabla Bwana DC hajafika. Mtoto huyo ana ukaidi, na sisemi kautoa wapi, lakini kwa Mahadi hakuutoa.

Nikaenda kwenye pipa. Ukurasa ulikuwa umeshaliwa pembeni na fukusi, wale wale waliokula mahindi yako. Nikampa. Ameuandika upya, nami nakunakilia kwa mkono wangu mwenyewe ujue kwamba nimelazimika kuuandika:

"Mzee Dhadho alipokuwa anakufa alisema, kisiwa hiki nimemwachia mwana wa ng'ambo. Watu wengi, pamoja na mwandishi, walidhani amesema upande wa mto. Lakini mwana wa ng'ambo lilikuwa jina la yule aliyeitika wito wa mvukaji. Kwa miaka minane huyo alikuwa binti yake, Mbeyu. Kisiwa hakina thamani kwa sababu kiko katikati ya maji. Kina thamani kwa sababu mtu akiita, kuna anayekuja."

Ameona aibu kuliandika hilo la mwisho, akasema ni la kujipamba. Nikamwambia liache.

Habari za mamba ameziondoa. Nimeomba aseme tu kwamba Mahadi alikuwa mtu mzuri kwa wageni, na hilo ni kweli, na wewe unalijua. Ukisimama upinge hilo, Mbeyu, nitakutupa mtoni, na DC atazame.

Sikuombi msamaha kwa barua zangu, nyingine nilizipenda. Wala usidhani nimekupenda ghafla. Uliiba upondo kwenye dua, na hilo litabaki hivyo mpaka kiyama. Lakini kama ulichukua chako, basi sijui tuliite nini. Utanieleza ukifika.

Na ukifika, sikiliza vizuri. Mwaringa atakuchukua Kipini siku ya Ijumaa, akulaze Witu kwa watu wake, na asubuhi akufikishe ukingoni. Usipande pantoni. Usiiguse ile kengele. Simama pale pale wavukaji walipokuwa wakisimama, uite. Ita kama ulivyosema utaita, ili DC asikie na Garsen wasikie. Nimeshawaambia watu wa pantoni wasitoke. Swaleh atatoka na mtumbwi, nami nitakuwa ndani yake, mimi mwenye kuogopa mto huu tangu siku niliyouvuka nikiwa nimefunikwa. Safari hii nataka kuona. Kuja atapiga pondo Swaleh, na ana upondo wa kuazima, atatuyumbisha. Kurudi utapiga wewe, kwa upondo wako, na mimi nitakaa mbele yako nimefunua uso, nitazame mikono. Paka hina.

Vaa viatu vizuri, kuna wazungu. Kiti chako kiko mstari wa mbele, kando ya changu, nimekifunga leso yangu nyekundu asikalie mtu. Njoo na wanao wote, na wajukuu, na huyo fundi wa cherehani akitaka. Pilau ni yangu, na mchele nimeuchagua mara mbili. Mtu yeyote asiniletee habari za fukusi siku hiyo.

Tunawangoja nyote Jumamosi, tarehe ishirini na nne Agosti, jua likiwa bado halijapanda.

Wifi yako,
Mwanaarusi, yule mgeni